SHUKRANI ISIYOTAJA SHUKRANI
Uhakiki wa Wafilipi 4:10–20 na wa Desturi za Kushukuru Katika Sharika Zetu

1. Utangulizi

Mtume Paulo alipokuwa kifungoni, Wakristo wa Filipi walimtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito. Mjumbe huyo aliugua katika utumishi wake hata akakaribia kufa (Flp. 2:25–30). Waraka kwa Wafilipi ni jibu la Mtume kwa upendo huo. Basi msomaji angetazamia kwamba Paulo, afikapo mahali pa kuutaja msaada wenyewe, angemimina maneno ya shukrani. Sivyo ilivyo. Katika mistari kumi na mmoja ya Wafilipi 4:10–20, kitenzi cha Kiyunani eucharisteo, ambacho ndicho neno la kawaida la Paulo la kushukuru, hakimo hata mara moja. Badala yake Mtume asema kwamba amefurahi katika Bwana. Kisha aongeza upesi kwamba hasemi hivyo kwa ajili ya uhitaji. Na baadaye, kana kwamba hayo hayatoshi, aeleza kwamba si kipawa anachokitafuta.

Wafafanuzi wa Kijerumani waliliita jambo hili "shukrani isiyo na shukrani". Baadhi ya wasomaji wamemwona Mtume kuwa mtu mwenye kiburi, asiyependa kuonekana mhitaji. Wengine wamesema alikuwa na haya katika mambo ya fedha. Wengine tena wamefikiri kwamba mistari hii ni sehemu ya barua nyingine, iliyoandikwa mapema na kuunganishwa baadaye na waraka tulio nao. Dhana hii ya mwisho hatutaijadili, kwa kuwa hata ikikubaliwa haiondoi ugumu: barua hiyo fupi nayo isingekuwa na neno "nashukuru".

Swali hili si la wataalamu peke yao. Wachungaji na wanafunzi wa theolojia huishi kwa mikono ya watu wengine. Karo ya mwanafunzi hulipwa na usharika, na dayosisi, na jamaa waliouza mazao, au na wafadhili wa ng'ambo asiowajua kwa sura. Mshahara wa mchungaji hutoka katika sadaka ya watu ambao wengi wao ni maskini kuliko yeye. Mchungaji asiyejua kushukuru huwavunja moyo watu wa Mungu. Na mchungaji anayeshukuru vibaya huiuza mimbari yake. Kwa hiyo yatupasa kuuliza kwa makini: Je, Paulo alikosa adabu? Au sisi ndio tuliopoteza maana ya kushukuru?

2. Mfuatano wa Mawazo ya Mtume

Tuanze na maandiko yenyewe. Katika mstari wa 10 Paulo atumia mfano wa mmea: fikira za Wafilipi kwa ajili yake zimechipuka tena. Mara moja awakinga wasifikiri kwamba anawalaumu. Walikuwa na nia, ila walikosa nafasi. Mistari ya 11–13 yaeleza uhuru wake. Neno autarkes, mtu anayejitosheleza, lilipendwa sana na wanafalsafa wa Kistoa. Paulo alichukua, lakini alibadili msingi wake: Mstoa alijitosheleza kwa nguvu ya akili yake, Mtume huyaweza yote katika yeye amtiaye nguvu. Kutosheka kwake kwenyewe ni jambo alilopokea.

Mstari wa 14 ndio kiini, nasi tutaurudia. Hapo asema kwamba, pamoja na hayo yote, Wafilipi walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Mistari ya 15–16 ni historia. Akumbuka kwamba mwanzo wa Injili, alipotoka Makedonia, hakuna kanisa jingine lililoshirikiana naye katika mambo ya kutoa na kupokea, na kwamba hata huko Thesalonike walimtumia zaidi ya mara moja. Mtu asiye na shukrani hakumbuki hivi. Asiye na shukrani husahau ni nani, ni wapi, ni mara ngapi. Paulo amehifadhi vyote vitatu.

Kisha yafuata maneno ya biashara. Mstari wa 17 wataja faida inayoongezeka katika hesabu yao. Mstari wa 18 una kitenzi apecho, neno lililoandikwa katika stakabadhi za siku zile kuonyesha kwamba fedha zimepokelewa zote. Lakini ghafla stakabadhi yageuka kuwa madhabahu: kile alicholeta Epafrodito ni harufu nzuri, dhabihu yenye kumpendeza Mungu. Lugha hii ni ya Agano la Kale, ya sadaka ya Nuhu na ya hema la kukutania (Mwa. 8:21, Kut. 29:18). Mwishoni, katika mistari ya 19–20, Mungu mwenyewe achukua wajibu wa kuwajaza Wafilipi kila wanachokihitaji, na utukufu warudi kwake.

Ni wazi basi kwamba hatusomi maneno ya mtu mwenye kiburi. Tena tusisahau mwanzo wa waraka. Katika 1:3–5 kitenzi eucharisteo kimo, naye Paulo amshukuru Mungu kwa sababu ya ushirika wao katika Injili tangu siku ya kwanza. Shukrani imetamkwa, ila imetamkwa mbele za Mungu, Wafilipi wakisikia.

3. Kutoa na Kupokea Katika Ulimwengu wa Paulo

Ili tuelewe kwa nini Mtume alisema hivyo, hatuna budi kukumbuka uzito wa fadhila katika ulimwengu wa Kirumi. Mwanafalsafa Seneca, aliyeishi wakati mmoja na Paulo na kufa mwaka 65 B.K., aliandika vitabu saba juu ya fadhila, De Beneficiis. Humo aeleza picha ya miungu-wake watatu walioshikana mikono katika duara: mmoja hutoa, wa pili hupokea, wa tatu hurudisha. Kwake kukosa shukrani ni uovu unaozidi hata makosa ya wauaji na wezi. Jamii nzima ilisimama juu ya duara hilo. Mkubwa alimfadhili mdogo. Mdogo alimlipa kwa heshima, kwa kumfuata na kwa kumsifu hadharani. Aliyepokea alijifunga.

Paulo aliyajua haya, na ndiyo sababu alikataa fedha za Wakorintho (1 Kor. 9, 2 Kor. 11:7–9). Kule Korintho walikuwapo watu waliotaka kumfanya mtume wao wa nyumbani. Alipokataa, walikasirika, hasa walipojua kwamba ndugu kutoka Makedonia ndio waliomsaidia. Kwa hiyo hatusemi kwamba Paulo alichukia msaada. Aliuchagua msaada usiomfunga.

Katika miaka ya karibuni wataalamu wametusaidia hapa. Gerald Peterman, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya kipawa kutoka Filipi, alionyesha kwamba desturi ya wakati ule haikudai marafiki wa karibu waambiane maneno ya shukrani. Ushahidi mmojawapo ni barua ya mafunjo iliyoandikwa huko Misri mwaka 58 B.K., ambayo mtu aitwaye Chairas alimwandikia rafiki yake Dionysios, aliyekuwa tabibu. Chairas asema kwamba hatamwandikia shukrani kubwa, kwa maana wanaostahili kushukuriwa kwa maneno ni wale wasio marafiki. Kisha aendelea kuuliza habari za dawa za kubandika! Ikiwa ndivyo, ukimya wa Paulo ni dalili ya urafiki, wala si ya ubaridi. Naye John Barclay, katika Paul and the Gift cha mwaka 2015, ametukumbusha kwamba wazo la kipawa kisichotazamia jibu lolote ni la siku za karibuni. Watu wa kale hawakulifahamu, naye Paulo hakulifundisha. Neema ya Mungu hutolewa pasipo kuangalia ustahili wa mpokeaji, lakini hutazamia kuzaa kitu ndani yake.

Maelezo ya Peterman ni ya thamani. Hata hivyo, tukiyachukua peke yake hayatoshi. Iko sehemu moja katika nyaraka za Paulo ambapo eucharisteo hulenga wanadamu, nayo ni Warumi 16:4. Hapo Mtume asema kwamba Priska na Akila waliziweka shingo zao hatarini kwa ajili ya maisha yake, na kwamba si yeye peke yake anayewashukuru bali na makanisa yote ya Mataifa. Hawa wawili walikuwa marafiki wa karibu kuliko wengi. Kama kanuni ni kwamba marafiki hawashukuriwi kwa maneno, mbona imevunjwa hapa?

Jibu letu ni hili. Katika Warumi 16 Paulo hasemi na Priska na Akila. Awanena kwa kanisa lililoko Rumi. Anatoa ushuhuda mbele ya watu wengine. Vivyo hivyo, katika Wafilipi 1 atoa ushuhuda mbele za Mungu. Lakini anaposema na msaidizi mwenyewe, ana kwa ana, hamwambii "najisikia kuwa mdeni wako". Amwambia kile alichokitenda na thamani yake. Kwa Paulo, basi, shukrani ina pande tatu: mbele za Mungu hutajwa jina la msaidizi, mbele ya kanisa hutajwa tendo lake, na mbele ya msaidizi mwenyewe hutamkwa kwamba tendo lake lilikuwa jema na kwamba Mungu amelipokea. Hakuna upande hata mmoja unaomfanya mpokeaji kuwa mtumwa wa mtoaji.

4. "Mlifanya Vema": Sikio la Mswahili

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili ana nafasi ambayo wafafanuzi wa Ulaya hawakuwa nayo. Wao walitafuta neno la shukrani katika Wafilipi 4 wakalikosa, kwa sababu katika lugha zao kushukuru ni kueleza hisia za anayepokea. Lakini neno letu la kila siku, asante, halikuzaliwa hivyo. Limetoka katika Kiarabu ahsanta, maana yake "umefanya vema". Kwa asili yake asante haisemi lolote juu ya moyo wangu mimi niliyepokea. Yasema juu ya tendo lako wewe uliyetoa: ni jema, nami ni shahidi.

Sasa turudi kwenye mstari wa 14. Maneno ya Kiyunani ni kalos epoiesate: mlifanya vema. Yaani, kwa asili ya neno, Paulo aliwaambia Wafilipi asanteni! Wale waliodai kwamba shukrani haimo walikuwa wakitafuta neno jingine. Hatudai kwamba Mtume alijua Kiarabu, wala hatujengi fundisho juu ya nasaba ya neno moja. Maneno husafiri na kubadilika, na mtu asemaye asante sokoni leo hafikirii asili yake. Twasema tu kwamba lugha yetu imehifadhi njia ya kushukuru ambayo Paulo naye aliitumia, na kwamba njia hiyo yafaa kutafakariwa upya.

Tofauti yake ni kubwa. Anayesema "najisikia mdeni" hujiweka yeye mwenyewe katikati. Anayesema "umefanya vema" humweka katikati yule aliyetenda, na juu yake yule apimaye wema wote. Tena, kusema "umefanya vema" kwadai kwamba tendo liwe jema kweli. Mtu anayetoa fedha za wizi kwa ajili ya bati la kanisa hawezi kuambiwa asante kwa maana hii kamili, hata kama paa limeezekwa. Shukrani ya namna hii ina hukumu ya kimaadili ndani yake, na kwa hiyo haiwezi kununuliwa.

5. Mungu na Mkono wa Jirani

Wapo Wakristo wema ambao hutilia shaka jambo zima. Wakisaidiwa husema: "Ni Mungu tu." Wanaogopa kwamba kumshukuru mwanadamu ni kumnyang'anya Mungu utukufu, na sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kuogopa hivyo, kwa kuwa tumefundishwa kutojivunia matendo. Hofu hii yafaa kupimwa kwa Maandiko na kwa maungamo yetu.

Sura ya 17 ya Injili ya Luka ina masimulizi mawili yanayofuatana. Katika la kwanza (mist. 7–10) Bwana auliza kama mwenye shamba atamshukuru mtumwa aliyefanya aliyoagizwa, jibu linalotazamiwa ni hapana. Katika la pili (mist. 11–19) wakoma kumi watakaswa, mmoja arudi kumshukuru Yesu, naye Bwana auliza wako wapi wale tisa. Tukiyasoma kwa haraka, masimulizi haya yapingana. Lakini lile la kwanza lafundisha aliyetenda, na lile la pili lafundisha aliyetendewa. Mtenda wema asidai, mtendewa asisahau. Waswahili wamekwisha kuligawa fundisho hili vivyo hivyo: mtoaji huambiwa "tenda wema uende zako", na mpokeaji huonywa kwamba "shukrani ya punda ni mateke". Ubaya huanza pale kila mmoja anaposhika fundisho la mwenzake: mtoaji ahesabu fadhila zake, na mpokeaji asema kwamba aliyesaidia alitimiza wajibu wake tu.

Tena, angalieni jinsi Msamaria yule alivyorudi. Alimtukuza Mungu kwa sauti kuu, na papo hapo alianguka miguuni pa Yesu akimshukuru. Ni kweli kwamba Yesu si msaidizi wa kawaida, na hatuwezi kuyahamisha haya moja kwa moja kwa kila jirani. Hata hivyo, mwendo wa masimulizi ni dhahiri: utukufu kwa Mungu haukumzuia Msamaria kurudi kwa yule aliyesimama mbele yake, ndio uliomrudisha.

Luther naye alilitafakari jambo hili. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akieleza amri ya kwanza, afundisha kwamba viumbe ni mkono, mfereji na njia ambayo kwayo Mungu hutupatia kila kitu, kama ampavyo mama maziwa ya kumnyonyesha mtoto. Mfano huu ni mzuri kwa kuwa wamlinda mtu asimwabudu mfadhili wake. Lakini una upungufu. Mfereji hauulizwi kama wakubali kupitisha maji. Epafrodito aliulizwa, akakubali, akaugua. Mjane anayeleta mkungu wake wa ndizi Jumapili ya mavuno alikuwa na uhuru wa kuubakiza nyumbani. Mungu amependa kutupa riziki kwa njia ya mioyo inayoweza kukataa, na kwa sababu hiyo moyo uliokubali wastahili kutajwa.

Luther mwenyewe aliujaza upungufu huo. Katika kitabu kilekile, katika amri ya nne, asema kwamba Mungu, wazazi na walimu hawawezi kamwe kushukuriwa wala kulipwa vya kutosha. Tazameni: Mungu na walimu katika orodha moja, pasipo hofu! Naye aliyaishi hayo. Alipokuwa mwanafunzi huko Eisenach, aliombaomba mkate milangoni pa watu, na katika hotuba yake ya mwaka 1530 juu ya kuwapeleka watoto shule hakuona haya kukiri jambo hilo mbele ya Ujerumani nzima. Alipokaribia kuadhimisha misa yake ya kwanza mwaka 1507, alimwandikia kasisi Johannes Braun wa Eisenach kumwalika, na katika barua hiyo aliwakumbuka watu wa nyumba ya Schalbe waliomtendea mema mengi, akisema kwamba hathubutu kuwasumbua kwa mwaliko. Mtu yule aliyetufundisha kuhesabiwa haki pasipo matendo hakuyasahau matendo ya waliomlisha.

6. Kupima Desturi Zetu

Tukizipima desturi zetu kwa kipimo hiki, twaona makosa manne.

La kwanza ni shukrani kwa cheo. Katika matangazo na katika risala za kuchangia ujenzi, majina husomwa kwa kufuata ukubwa wa kiasi. Mgeni rasmi hushukuriwa mwanzo, katikati na mwisho. Wanawake waliopika tangu alfajiri hujumlishwa katika maneno "na wengine wote". Mkungu wa yule mjane hupigwa mnada nje ya kanisa, na jina lililosikika ni la aliyeununua. Linganisheni na Warumi 16. Paulo awataja watu zaidi ya ishirini. Fibi wa Kenkrea, aliyekuwa mlinzi na mfadhili wa wengi, apewa heshima yake ya kwanza. Mtume hawadharau wenye mali. Lakini neno la taabu, yaani kufanya kazi hata kuchoka, katika sura ile lasemwa juu ya watu wanne tu, nao wote ni wanawake: Mariamu, Trifaina, Trifosa na Persisi. Na mama yake Rufo akumbukwa kwa sababu alikuwa kama mama kwa Mtume pia. Hakuna kiasi kilichotajwa mahali popote.

Kosa hili limeingia hata katika historia tunazoandika wakati wa yubile. Mwezi wa Oktoba 1896 wamishonari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, chini ya Mlima Meru, na pamoja nao waliuawa baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Majina ya wale wawili twayajua, na ni haki tuyajue. Je, majina ya wenzao hutamkwa kwa sauti ileile? Wamishonari wa Kijerumani walipoondolewa Tanganyika mwaka 1920, sharika nyingi zilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wa Kiafrika, waliofundisha katekisimo na kuzika wafu pasipo cheo cha uchungaji. Kila usharika wa siku hizo ulikuwa na watu wa namna hiyo. Mwanafunzi anayetafuta jambo la kuandika katika utafiti wake angeanzia hapo, maadamu bado wako wajukuu wanaoyakumbuka majina.

La pili ni shukrani iliyo ombi lililofichwa. Barua nyingi kwa wafadhili huanza kwa asante na kumalizika kwa bajeti mpya. Kuomba si dhambi, Paulo aliwaombea watakatifu wa Yerusalemu mchango kwa sura mbili nzima (2 Kor. 8–9). Lakini hakuliita ombi hilo shukrani. Katika Wafilipi 4:17 alikata kabisa uwezekano wa kufahamika vibaya. Ombi liwe ombi, na shukrani iwe shukrani. Zikichanganywa, mfadhili hujifunza kutokuamini zote mbili.

La tatu ni shukrani inayomruka mtu. Tumekwisha kuisema. "Ni Mungu tu" yaweza kuwa imani, lakini pia yaweza kuwa njia rahisi ya kukwepa deni. Mwanafunzi aliyesomeshwa na kaka aliyeacha shule kwa ajili yake, akasimama siku ya kubarikiwa na kumshukuru Mungu pasipo kumtaja kaka huyo, hakumheshimu Mungu zaidi. Ameficha njia ambayo Mungu alipita.

La nne ni zito kuliko yote: shukrani inayofunga kinywa. Mzee wa kanisa mwenye mali amemjengea mchungaji nyumba, au amempeleka mtoto wake hospitali. Baadaye mzee huyo awadhulumu vibarua wake, nao wamjia mchungaji. Mchungaji afanye nini? Wengi hunyamaza na kuuita ukimya huo shukrani. Hapo ndipo mfadhili amekuwa bwana, na mimbari imekuwa mali yake. Nao vibarua, ambao sadaka zao ndogo zimo katika mshahara uleule wa mchungaji, hawakuhesabiwa kuwa wafadhili.

Paulo hakufanya hivyo. Katika waraka huuhuu wa shukrani, tena katika sura hiihii ya nne, awataja kwa majina Euodia na Sintike na kuwasihi waache ugomvi wao (4:2–3). Wanawake hawa walikuwa wameishindania Injili pamoja naye. Yaani walikuwa wasaidizi wake. Awakumbuka kwa heshima na kuwaonya kwa uwazi ndani ya sentensi mbili. Shukrani haikuzuia onyo, wala onyo halikufuta shukrani. Hili liliwezekana kwa sababu ya mstari wa 19: deni la Paulo kwa Wafilipi limechukuliwa na Mungu. Mtume hakubaki na kamba shingoni ambayo mtu angeweza kuivuta.

7. Hitimisho

Twarudi kwenye swali letu la kwanza. Paulo hakukosa adabu. Katika Wafilipi 4 amewashukuru wasaidizi wake kwa namna ambayo Seneca asingeitambua: amekumbuka tendo lao, amelisifu kuwa jema, amelitia stakabadhi, amelipandisha madhabahuni, na malipo yake ameyakabidhi kwa Mungu. Kilichokosekana ni kujifunga tu.

Kutokana na hayo twatoa mapendekezo machache kwa wenzetu katika utumishi. Tunaposhukuru tutaje jina na tendo, wala si kiasi. Waliotoa jasho watajwe pamoja na waliotoa fedha. Barua ya shukrani iandikwe siku yake na iishie kwenye shukrani. Katika maombi ya kanisa, wasaidizi waliokufa na walio hai wawekwe mbele za Mungu kwa majina, kama Paulo alivyofanya katika kila sala yake kwa ajili ya Wafilipi. Na kabla ya kupokea fadhila kubwa, kila mtumishi ajiulize: je, baada ya kuipokea nitaweza kumwambia ndugu huyu ukweli? Akiona hataweza, afuate mfano wa Paulo kule Korintho, aikatae kwa upole.

Na yule tunayemshukuru, tumwambie asante kwa maana yake ya zamani. Umefanya vema, ndugu. Sisi ni mashahidi, na Mungu amepokea.